Ukizuru Msitu wa Kakamega, Uliza Doo Yako Inalala Wapi

Sema ukweli. Mara ya mwisho kundi lenu la WhatsApp lilipoanza ile hadithi ya "wasee tutoke tripu", mlitaja wapi? Naivasha, sivyo? Kama mifuko iko sawa, Diani. Kama kuna mtu anaweza kuchukua gari la babake, Nanyuki. Kisha mjadala ukafa pale mtu mmoja alipouliza kila mtu anatoa ngapi.

Nimekaa kwenye makundi kama hayo miaka, na sijawahi kusikia mtu akitaja Kakamega. Kwetu sisi wa Nairobi, Kakamega ni mahali pa kwenda kwa mazishi. Unakula kuku, unakesha kwenye kiti cha plastiki, unarudi na basi la usiku shingo ikiwa imepinda. Waluhya wanisamehe, nusu yao ni wajomba zangu, lakini ndivyo ilivyo.

Mapema mwaka huu nilienda Kakamega bila mazishi. Kilichonipeleka si cha maana sana: nilikuwa nimechoka na mtaa, na rafiki yangu mmoja aliyehamia huko kikazi alikuwa amenisumbua kwa picha za nyani. (Baadaye nilirekebishwa, si nyani bali mbega. Weka hiyo akilini, itakuokoa aibu.) Nilidhani nitapiga picha mbili tatu nirudi. Nilirudi na swali ambalo sasa naliuliza kila mahali ninapolipa chochote, na nataka nikuambukize.

Njia ni rahisi kuliko unavyofikiri. Ukifika Kakamega mjini, unachukua matatu ya barabara ya Kisumu hadi Khayega, unashuka, unapanda boda inayopitia Shinyalu hadi Isecheno. Hapo lami ya akili yako inaisha. Upande mmoja una mashamba ya chai, upande wa pili ukuta wa miti. Hiyo chai haikupandwa tu kwa ajili ya kikombe. Ni ya Nyayo Tea Zones, mpango wa serikali ulioanza miaka ya 1980 ili mkanda wa chai uwe mpaka kati ya watu na msitu.

Kisha mvua. Huko mvua ina ratiba kuliko matatu. Asubuhi jua, alasiri inashuka. Mimi nilifika saa tisa na raba nyeupe. Usicheke.

Msitu wenyewe sasa. Ukiangalia ramani ya misitu ya mvua ya Afrika, ile ya Kongo inayofunika nusu ya katikati ya bara, Kakamega ndiyo kipande chake cha mwisho upande wa mashariki. Zamani msitu ule ulikuwa umetanda hadi huku, hali ya hewa ikabadilika, watu wakaongezeka, kikabaki hiki. Eneo lililotengwa ni takriban kilomita 240 mraba, ingawa si lote lina miti leo. Kuna ndege zaidi ya aina 300 na vipepeo zaidi ya aina 400. Kuna viumbe ambao hutawapata kwingine kokote Kenya, kwa sababu jamaa zao wote wako Uganda na Kongo. Yaani ukisimama Isecheno umesimama Kongo kidogo, bila pasipoti.

Na msitu wenyewe umegawanywa kwa wasimamizi. Upande wa kaskazini, Buyangu, ulitangazwa hifadhi ya kitaifa mwaka wa 1985, na sasa uko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya shirika la misitu, KFS. Mambo ya ofisi hayo. Ila yanakuhusu, kwa sababu ndipo swali langu lilipoanzia.

Pale langoni nililipa ada ya kuingia, nikapewa risiti. Kisha nikaambiwa kuna ada nyingine, ya mwongozaji. Mimi mtoto wa Nairobi nikasikia harufu ya kukulwa. Nikauliza kwa sauti ile ya mtu anayejiandaa kugombana: hii ya pili ni ya nani?

Jamaa aliyekuwa amesimama pale na buti za mpira na darubini shingoni hakukasirika. Akaniambia hii ya kwanza inaenda kwa serikali. Hii ya pili ni yangu na wenzangu.

Na hapo, msomaji wangu, ndipo habari yenyewe ilipo.

Mwaka wa 1995 vijana waliokuwa wakiongoza wageni Isecheno walianzisha kitu chao wenyewe, wakakiita KEEP, mradi wa elimu ya mazingira wa Kakamega. Hakikuanzishwa na kampuni ya Westlands wala na mzungu mwenye kofia. Walikuwa vijana wa vijiji vya pale pale, waliojua njia za msituni kwa sababu walizipita wakitafuta kuni na kuchunga ng'ombe. Hesabu yao ilikuwa ya wazi. Wageni wanakuja kuona msitu. Majirani wanaukata kwa sababu hawaoni kitu unachowaletea. Watoto wa majirani hao hawajawahi kuambiwa kuna nini mle ndani. Basi wakaanza na watoto. Wakawa wanaleta wanafunzi wa shule za karibu, wanawatembeza, wanawafundisha. Baadaye wakaongeza kitalu cha miche, mizinga ya nyuki, ufugaji wa vipepeo, na vibanda vya wageni kulala, mapato yakisaidia kuendesha masomo ya watoto.

Ona ujanja wake. Mtu anayefanya kazi ndiye mwenye kazi. Akikutembeza vizuri, ukarudi na marafiki, faida haipandi ndege.

Sasa wacha nikueleze kutembezwa vizuri ni nini. Mwongozaji wangu (na tafadhali usifupishe Kiingereza ukamwita "gaidi", kuna watu wamepata shida kwa chini ya hapo) alikuwa wa rika langu, pengine miaka miwili mbele. Tuliingia saa kumi na mbili asubuhi kabla ukungu haujapanda. Alitembea hatua kumi, akasimama, akanyosha kidole juu bila kusema. Mimi sikuona kitu. Majani tu. Kisha tawi likatikisika na mbega akaruka, mweusi na mapindo meupe kama mzee wa kanisa aliyevaa joho. Wakawa saba. Akanitofautishia sauti ya kima na sauti ya ndege. Akanionyesha hondohondo wawili wakipita na kelele za mbawa kama mtu anayekung'uta shuka. Akanionyesha shorobo mkubwa wa buluu, ndege ambaye wapenda ndege huvuka bahari kumtafuta, na mimi nikamwona kabla ya kunywa chai.

Kila mti alikuwa na majina yake: la Kiluhya, la Kiswahili kama lipo, na lile la Kilatini. Yote bila kitabu. Kuna mti mmoja aliniambia Prunus africana, akanionyesha kovu pale gome lilipobanduliwa. Gome hilo ni dawa hapa kijijini na pia Ulaya, ambako hutumika kwa wazee wenye matatizo ya tezi dume. Mti ukibanduliwa pande zote unakufa umesimama. Dawa inasafiri, mti unabaki maiti.

Nikamuuliza alisomea wapi. Akacheka. Darasa lake lilikuwa msitu, na walimu wake waongozaji waliomtangulia. Nao walijifunza mengi kwa kuwabebea watafiti vifaa. Kwa miaka mingi wasomi wamekuwa wakija hapa. Wajerumani wa mradi wa BIOTA walikaa mwongo mzima, kuanzia 2001 hadi 2010, wakihesabu kila kitu kuanzia nyuki hadi mizizi. Na kila mtafiti anahitaji mtu anayejua njia, anayemwona mdudu kwanza. Mgeni anarudi kwao kuandika shahada ya uzamifu. Mwenyeji anabaki na ujuzi na buti za mpira.

Sitajifanya hili halikunigusa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na kusema kweli mimi mwenyewe pia nilianza kukataa. Tangu siku hiyo kila mkutano wa familia kuna shangazi mmoja anayeniuliza "na ile kozi?" mbele ya watu wenye sahani. Huyu jamaa hana cheti chochote cha kuning'inizwa ukutani na anajua msitu mzima kwa Kilatini. Sisemi uache shule, mama yako asije akanitafuta. Nasema kuna maarifa nchi hii inayatumia kila siku bila kuyaandikia jina la mwenyewe.

Turudi kwa doo.

Kabla sijasafiri niliulizia bei ya wikendi ya Kakamega kwa wakala mmoja mjini, ambaye simtaji. Nikapewa bei moja nzima: gari, chumba, chakula, "experience". Nikauliza mwongozaji analipwa ngapi humo ndani. Kimya. Kisha nikaambiwa watu wa huko "wanafurahi sana kupokea wageni". Ningependa kuona mtu akilipa kodi ya nyumba na hiyo furaha.

Biashara nyingi za utalii nchini huendeshwa hivyo. Unalipa Nairobi, wakati mwingine unalipa London, na pesa inatembea kidogo tu kabla ya kukaa. Pale unapopigia picha wanabaki na shilingi za ndizi na bangili. Kakamega wanalijua jambo hili kuliko wengi, kwa sababu lilishawapata likiwa la dhahabu.

Mwaka wa 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega na wazungu wakamiminika kama siafu. Shida ilikuwa moja: mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria kwamba ardhi ya akiba ya Waafrika ikichukuliwa, wenyewe wapewe ardhi nyingine badala yake. Ahadi hiyo haikufikisha hata miaka mitatu. Disemba 1932 sheria ikarekebishwa ili iwezekane kutoa fidia ya pesa tu, na mashamba yakachimbwa. Mgodi mkubwa wa Rosterman ukafanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukafungwa. Leo ukipita Rosterman utakuta vijana na akina mama bado wanachimba kwa sururu na kuosha mchanga kwa karai. Hata msituni, kwenye kilima cha Lirhanda, kuna shimo la mgodi wa zamani. Unaingia na tochi, unainama, na wenye nyumba sasa ni popo.

Nilipokuwa mle ndani, popo wakinipitia masikioni, niliwaza kimoja tu: watu hawa walikalia dhahabu, wakabaki na shimo. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza msitu ni wa nani.

Jibu zuri zaidi nililopata halikuwa hata la utalii. Lilikuwa la dawa ya kuchua. Karibu na msitu huo kuna kundi la wakulima, Muliru Farmers Conservation Group. Wao wanapanda shambani mmea wa kienyeji uitwao Ocimum kilimandscharicum. Ni ndugu wa rehani, ukiukwanyua unanuka kafuri hadi machozi. Zamani watu waliung'oa popote walipoupata. Muliru, wakisaidiana na wanasayansi wa icipe (ndiyo, ile taasisi ya wadudu hapo Kasarani ambayo umeipita mara elfu ukienda uwanjani), wakaugeuza kuwa zao. Mkulima anavuna majani, anayauza kwa kundi, majani yanapikwa kwa mvuke hadi mafuta yatoke, na mafuta yanatengenezwa balmu iitwayo Naturub, ya mafua na maumivu ya misuli. Mwaka wa 2010 walishinda Equator Prize, tuzo inayotolewa chini ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP.

Linganisha na lile gome. Lile linabanduliwa, linauzwa ghafi, thamani inaongezwa ng'ambo. Hii imepandwa, imepikwa na kufungwa kopo hapa hapa, na jina la kopo ni lao. Tofauti si mmea. Tofauti ni nani anamiliki jiko.

Sasa usinidanganye kwamba hii ni ndoto ya Kakamega peke yake. Kule Kilimanjaro, wakulima wa kahawa wa chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka wa 1933, walikuja na mpango uitwao Kahawa Shamba. Mgeni analala kwa wakulima, anachuma buni nyekundu, anazitwanga, anakaanga, anakunywa, na anayempokea ndiye mwenye shamba na mwanachama wa ushirika. Fikiria hilo ukijua kwamba huku Kenya Mwafrika alizuiwa kulima kahawa kwa makusudi, hadi miaka ya 1930 ndipo wachache wa Kisii na Meru walipoanza kuruhusiwa. Na Pwani, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993: majirani wa msitu wanafuga viwavi na kuuza buu nje ya nchi, kwa wazungu wanaolipa ili waangalie vipepeo vikiruka ndani ya nyumba ya kioo. Ukikata mti unakata mshahara wako.

Lakini sitakuuzia sukari tupu. Nilikaa siku nne na katika siku nne niliona wageni sita, mmoja wao mimi. Waongozaji ni wengi, wanaenda kwa zamu, na zamu yako inaweza kuangukia siku ya mvua bila mtu. Mwaka wa 2020 korona ilipofunga nchi, zamu zote zilikuwa hivyo. Mtu akikosa mgeni wiki tatu, msitu bado una kuni, bado una makaa, bado una dhahabu chini. Mwongozaji wangu alinionyesha kisiki kibichi kando ya njia, akapita haraka bila kueleza. Sikumsukuma. Kijiji ni kidogo, na aliyekata huenda ni wa ukoo.

Kisha kuna mambo ya uzio. Mpango wa kuzungushia msitu uzio wa umeme umegawanya watu. Wanaouunga mkono wanasema bila uzio msitu utaisha kidogo kidogo kwa usiku. Wanaoupinga wanauliza ng'ombe watapita wapi, kuni zitatoka wapi, dawa na mambo ya mila yatafanyiwa wapi. Sheria ya misitu ya 2005, na ile iliyoirithi mwaka wa 2016, inawapa majirani nafasi ya kusimamia msitu pamoja na KFS kupitia vyama vya kijamii vya misitu. Hapa Isecheno kipo kimoja, Muileshi. Kwa hiyo majirani si wavamizi kwa karatasi. Mimi binafsi naona ukiweka waya kabla ya kuweka kipato, umemfungia mtu nje ya jokofu lake ukamwambia unalinda chakula. Lakini pia mimi nitarudi Umoja na kupikia gesi, kwa hivyo maoni yangu yapokee na chumvi kidogo.

Kuna cha kufanya zaidi ya kutazama miti, kama unajiuliza. Jumamosi nilibebwa kwenda kuona mapigano ya mafahali upande wa Shinyalu. Ni fahali kwa fahali, hakuna mtu wa kitambaa chekundu wala upanga. Fahali anasindikizwa na umati unaokimbia na matawi, na ngoma za isukuti zinapigwa hadi moyo wako unabadilisha mdundo. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo: baba, mama na mtoto. UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka wa 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mimi nilichookoa ni simu yangu, maana fahali aliyeshindwa alikimbilia upande wetu na kila mtu akawa mwanariadha.

Ukienda, na natumaini utaenda, beba buti ama raba usizozipenda. Soksi ndefu, kwa sababu siafu hawaulizi kama wewe ni mgeni. Piga simu mapema kwa waongozaji wenyewe wala si kwa mtu wa kati, uwaulize vibanda vya wanakijiji. Beba pesa taslimu kidogo, mtandao unapotea ukiingia chini ya miti. Na pale langoni, uliza kile nilichouliza mimi, ila kwa adabu kuliko nilivyouliza: hii ni ya nani? Kama anayekujibu anasema "yetu" bila kufikiria, lipa. Kama anaanza kukueleza kuhusu furaha ya watu wa huko, shika begi lako.

Siku ya kuondoka tulipanda Lirhanda saa kumi na moja na nusu asubuhi, gizani, kuona jua likitoka. Chini kote ukungu, vilele vya miti vikitokeza kama visiwa. Mwongozaji alikaa kwenye jiwe akitafuna muwa, bila kusema kitu, na nikagundua huyu ameona jua hili mara mia na bado amezima simu yake.

Tuliposhuka akanipa kitabu cha wageni nisaini. Kina safu za jina, unakotoka, na taasisi. Juu yangu kulikuwa na vyuo vitupu: vikuu vya hapa, vya Ujerumani, kimoja cha Marekani. Nilishika kalamu pale kwenye "taasisi" muda mrefu kidogo. Akachungulia, akaelewa bila kuambiwa, akaniambia niandike tu "Mulembe". Ni salamu ya Kiluhya, maana yake amani.

Basi kitabuni nimeandikwa hivyo. Nimeambiwa nikirudi Agosti, makundi ya shule yakiwa mengi, watahitaji mtu wa kuwasaidia kuandika maelezo ya njia kwa Kiswahili. Nimeshauza ile raba nyeupe. Natafuta buti namba tisa, kama unayo mtu amekuachia, nitumie ujumbe.